Watu Walioingia kwa Tundu la Msumari

Hotuba kwa vijana wapiga picha, ukumbini Kaloleni, Nairobi, Jumamosi alasiri

Wazee wetu mlioketi mbele, wazazi, walimu, na ninyi wadogo zangu mliokuja na kamera na mliokuja na simu tu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Najua ukumbi umeingia joto kwa sababu ya maturubai tuliyoyatundika madirishani tangu asubuhi. Naomba mvumilie. Yana kazi yake, na tutaifikia.

Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi Mukuru, chumba kimoja cha mabati, shuka jeupe likitenga kitanda cha wazazi na chetu sisi watoto. Siku moja nilibaki nyumbani na matumbwitumbwi. Mama alifunga mlango ili nipate usingizi, akakaa nje kufua. Alasiri jua likaupiga ukuta wa jirani ng'ambo ya kichochoro. Kwenye bati letu palikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Nilifumbua macho nikaona watu kwenye shuka. Walikuwa wadogo, wana rangi zao kamili, na walitembea kichwa chini miguu juu. Mwanamke na ndoo yake. Mtoto akisukuma tairi. Nikapiga ukelele. Mama akaingia mbio, na mlango ulipofunguka wale watu wakatoweka. Nilimsihi aufunge tena. Akaufunga, akakaa nami kitandani gizani, macho yakazoea, wakarudi. Aliwatazama kwa kitambo, kisha akasema: "Hao ni watu wa nje. Wameingia kwa tundu."

Mama yangu hakupita darasa la nne. Nimesoma vitabu vya upigaji picha, na bado sijapata maelezo ya kamera yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba Ibn al-Haytham, msomi aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alichunguza jambo lilo hilo yapata miaka 1,000 iliyopita: nuru inavyopita kwenye tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Na neno kamera lenyewe, kwa Kilatini, maana yake ni chumba. Nililia niliposoma hayo. Nyumba yetu ilikuwa kamera, na sisi tulikuwa tukilala ndani yake.

Nimeombwa nizungumzie namna mpiga picha anavyokua. Vijana wengi wanaonijia huniuliza swali hilo kwa namna moja: "Dada, nimekwama, nitapata wapi ilhamu?" Wanadhani ilhamu huja kwanza, ndipo kazi ifuate. Mimi naamini kinyume, na naamini kwa sababu ya jambo lililonipata.

Nilianza na harusi na mahafali. Nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye alipiga picha za wageni Uhuru Park enzi za filamu. Mkanda wake ulikuwa na picha 36, na kila iliyoharibika ilikuwa chakula kilichopungua nyumbani. Alikuwa akiniambia, "Kabla hujabonyeza, mngoje mtu amalize kujitayarisha. Akishachoka kujitayarisha, ndiye huyo sasa." Kwa miaka mitatu nilifanya kazi hiyo na nikalipwa vizuri. Kisha bibi harusi mmoja akafungua albamu yake mbele yangu, akatabasamu, akasema, "Zimetoka nzuri, kama za dada yangu kabisa." Dada yake alipigwa picha na mtu mwingine.

Usiku ule sikulala. Maneno yake hayakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana yaliniuma. Nilikuwa nimejifunza kupiga picha nzuri ambazo mtu yeyote angeweza kuzipiga.

Basi nikajifunga kwa nadhiri. Nikachagua lango moja la Muthurwa, soko na kituo cha matatu hapa Nairobi, mahali nilipopita kila siku bila kupaona. Siku 90 mfululizo, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza. Lenzi moja, ya milimita 50, na nisitoke nje ya hatua ishirini kutoka pale nilipowekea mfuko wangu.

Siku kumi za mwanzo niliiga, na siwaombi radhi kwa hilo. Wakati huo nilikuwa nimemgundua Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Niliazima leso ya mama mboga, nikaitundika nyuma ya kibanda chake, nikamsimamisha mtu mbele yake, maua juu ya maua, kama Keïta. Picha zilitoka za kuiga tu. Lakini katika kuiga nikaanza kuona sababu. Keïta alipiga wateja nje kwa mwanga wa mchana, na mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake, lenye matamvua. Ule mtindo ambao leo dunia inauhusudu ulitokana na ufinyu wa maisha ya kijana wa Bamako na jicho lake la kukataa ufinyu huo uonekane. Nilipoelewa hivyo niliirudisha leso ya mama mboga na kumshukuru. Ufinyu wangu mimi ulikuwa mwingine, na nilitakiwa kuutafuta.

Kuna kisa kingine cha namna hiyo ninachokipenda. Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria, alipiga picha yapata mwaka 1930 ya wavulana watatu wakikimbilia majini, picha ambayo imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja Mfaransa aliyekuwa amesomea uchoraji akaiona. Kijana huyo alikuwa Henri Cartier-Bresson. Alikiri maishani mwake kwamba picha ile ndiyo iliyomwashia moto. Sasa tazameni: hakwenda ziwani kutafuta wavulana wanaokimbia. Alipiga watu wa mitaani, ngazi, baiskeli, madimbwi. Alichokichukua kwa Munkácsi ni kwamba kamera inaweza kukamata furaha kabla haijatua chini. Hicho ndicho kitu cha kuchukua kwa mwenzako, na ukikichukua hakipungui kwake.

Kuanzia siku ya kumi na moja hadi ya ishirini na tano sikuwa na kitu. Nawaambia hili kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Nilisimama pale, nikaona matatu zilezile, mikokoteni ileile, makanga walewale wakiita abiria, na kila nilichokipiga nilikuwa nimekwisha kukipiga. Nilichukia kamera. Siku ya ishirini na sita ikanyesha mvua ya Aprili. Abiria wakajazana chini ya bati moja, nami nikabanwa hivi kwamba sikuweza hata kuinua kamera usoni. Mbele ya lenzi palikuwa na mkono wa makanga tu. Mnaujua mkono huo: noti zimekunjwa kwa urefu, zimepangwa katikati ya vidole, mia upande wake, hamsini upande wake, na sarafu zinalia kiganjani. Mvua inatiririka kwenye kifundo. Nikapiga nikiwa nimeshikilia kamera kifuani.

Wiki iliyofuata sikupiga uso hata mmoja. Mikono tu. Mkono wa anayemenya viazi, mkono wa mzee anayesukuma mkokoteni, mkono wa mtoto ulioshika sketi ya mamaye. Na mikono ilipoisha nikajiuliza, je, miguu? Je, nikipiga kile tu kinachoonekana ndani ya dimbwi? Kwa hiyo yale tunayoyaita majaribio ya ubunifu, mimi niliyapata kwa kuchoshwa na mahali pamoja. Kama ningekuwa na ruhusa ya kuhama ningehama, nikaenda kutafuta ilhamu Karura au Ngong, na ule mkono nisingeuona.

Nizungumze kidogo kuhusu mwanga wetu, maana hapa ndipo vijana wengi hupotezwa na masomo yaliyotungwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mnafundishwa kungoja ile saa ya dhahabu jioni, jua linapokaribia kutua. Sisi tuko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua letu haliteremki kwa kuchechemea pembeni kama la Ulaya, linaanguka wima. Linashuka kama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo likiwa nyuzi sita juu ya upeo wa macho umebakiwa na dakika 24 hivi. Ukichelewa kununua mahindi ya kuchoma, limekwenda. Mpiga picha wa Nairobi lazima awe amesimama mahali pake kabla, amekwisha kupima, amekwisha kuzungumza na watu.

Halafu kuna saa sita mchana, ambayo wote wanaikimbia. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua linafika utosini kabisa, macho ya mtu yanazama gizani kama mapango. Lakini mpeleke mtu huyo hatua mbili ndani ya kivuli cha kibanda, mgeuze atazame barabara. Ardhi yenye vumbi na ukuta mweupe wa ng'ambo vitamrudishia mwanga usoni kwa upole ambao hata taa za studio huutafuta. Wauza mitumba wa Gikomba wanaishi ndani ya mwanga huo mchana kutwa. Na Julai, Nairobi ikiwa baridi na mawingu yameshuka, anga lote linakuwa shuka moja. Wenzangu hulalamika kwamba hakuna jua. Kwangu hiyo ndiyo miezi ya nyuso.

Nikitaja nyuso, ngozi zetu nazo zina habari yake. Mama ana picha moja ya rangi ya harusi yake. Shela inaonekana, meno yanaonekana, uso wake ni doa. Alikuwa akiniuliza, "Kwani nilikuwa hivyo?" Hakuwa hivyo. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyoitwa Shirley, na filamu zenyewe zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi za aina hiyo. Hata leo kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaogopa ukuta na kumtia mtu gizani. Pima mwanga usoni mwake. Acha ukuta uungue ukitaka kuungua. Nilipojifunza hivyo, mtu wa kwanza niliyempiga alikuwa mama, amekaa karibu na dirisha, leso nyeupe nimeitandaza mapajani mwake ili imrudishie mwanga chini ya kidevu. Aliitazama picha ile kimya muda mrefu. Kisha akaificha ndani ya Biblia yake, na mpaka leo imo humo.

Turudi Muthurwa. Siku ya hamsini na kitu nilianza kufuata matatu kwa kasi ndogo ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka kupitisha nuru, 1/20 ya sekunde, nikizungusha kiuno pamoja na gari ili gari litulie na jiji lote liwe mistari. Ni zoezi la mwili, si la akili. Miguu inakaa, mabega yanazunguka, na usiache kuzunguka baada ya kubonyeza. Katika picha mia nilipata tatu. Kesho yake nne. Baada ya majuma mawili mwili ulikuwa unajua, nami nikawa huru kutazama aliyekaa dirishani. Mazoezi yana kazi hiyo hasa, kuuondoa mkono katika mawazo yako. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alipofika Korem, Ethiopia, mwaka 1984 katikati ya njaa, hapakuwa na nafasi ya kutafuta kitufe. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kazi nyuma yake. Picha alizozichukua huko ziliwaamsha watu dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Ninapojisikia mvivu huwa namkumbuka.

Jaribio lililonibadilisha kuliko yote lilinigharimu mkebe. Nilichukua mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, ule wa bati, nikaupaka rangi nyeusi ndani, nikatoboa tundu kwa ncha ya sindano, gizani nikaweka karatasi ya picha, nikafunika. Nikaenda nao langoni mapema kuliko kawaida, nikauweka juu ya kreti ya soda saa kumi alasiri jua likiwaka, nikafungua tundu kwa dakika tatu. Pale lango huwa na mamia ya watu. Nilipoiosha karatasi, mamia wote hawakuwapo. Dakika tatu ni nyingi mno kwa mtu anayetembea, nuru yake haikai mahali pamoja ikaandika. Magari yamefutika, mikokoteni imefutika, wapiganao vikumbo wamefutika. Walibaki wawili. Mama mboga aliyeketi, na mng'arisha viatu aliyejiegemeza kwenye sanduku lake akingoja mteja.

Nilikuja kujua kwamba jambo hilohilo lilimtokea Louis Daguerre mjini Paris mwaka 1838. Alipiga picha ya barabara yenye pilikapilika, na walioonekana ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu, pamoja na yule aliyemsafishia. Miaka mingi kati yetu, na mng'arisha viatu ndiye aliyebaki kwenye picha zote mbili. Nilikuwa nimesimama langoni zaidi ya siku sitini nikiwafuata wanaokimbia, kumbe mkebe wenyewe ulijua nani mwenye mahali pale.

Kuanzia hapo niliwapiga waliokaa tu. Na hapo ndipo picha zikaanza kuwa zangu.

Kama mna simu tu, msinung'unike mbele yangu. Tundu la msumari halikuwa na lenzi. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja, usiku mkanda ukibaki na nafasi chache alijivika nguo za kila aina na kujipiga mwenyewe ili zisipotee bure, picha nyingine akamtumia nyanya yake Nigeria. Kazi iliyompa jina ilitoka kwenye mabaki hayo. Na hapahapa kwetu tunaye Thandiwe Muriu, aliyekuwa akipiga picha za matangazo, kisha akaanza kuwavisha wanawake kitambaa kilekile kilicho nyuma yao hata mwili ukapotea na uso ukabaki ukikutazama, miwani imetengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Leso ziko kwenu. Vitu vya nyumbani viko kwenu.

Jambo moja siwezi kuliacha. Wiki ya pili makanga mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Unatupiga picha za nini? Unatuuza wapi?" Alikuwa na haki. Tunayo sheria ya kulinda data tangu 2019, na picha ya mtu ni data yake, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi. Lakini mimi sikumjibu kwa sheria. Kesho yake nilimletea picha yake, nimeichapisha River Road. Keshokutwa wakaja wengine watano. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nilikwenda na bahasha. Mng'arisha viatu aliitazama yake, akaniambia mwanga ulikuwa upande mbaya, niwe nakuja asubuhi kwa sababu asubuhi jua linamfikia usoni. Alikuwa sahihi. Hakuna mwalimu mwingine angeweza kuniambia hivyo, maana hakuna mwingine aliyekaa pale miaka kumi na minane.

Mwishoni nilikuwa na picha zaidi ya elfu nne. Nikazichuja zikabaki sitini, nikampelekea mama mmoja mpiga picha ninayemheshimu sana. Alizitandaza sakafuni, na kila aliyoitilia shaka aliigeuza kichwa chini aitazame hivyo. Alikuwa akiziondoa moja moja bila kuniuliza. Alipofika kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, ya mvua na taa za nganya, zile matatu zilizopambwa, aliishika kwa muda kisha akaiweka kando. Nikapinga. Akaniambia, "Hii unaipenda kwa sababu ulinyeshewa ukiipiga. Mtazamaji hakunyeshewa." Zikabaki kumi na nne. Nilikasirika siku mbili.

Zile zilizoondolewa sikuzifuta. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968, picha zake nyingi zilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji hapa mjini hadi jamaa yake alipozipata. Picha za baba na mama zetu wakati wa uhuru, ndani ya masanduku. Wekeni kazi zenu mahali pawili, andikeni tarehe na mahali.

Sasa naona saa ni tisa na nusu na jua limeupiga vizuri ukuta wa ng'ambo ya barabara. Wale vijana wawili kule mlangoni, fungeni kabisa, na mweke nguo chini ya mlango. Wazee wangu, samahanini, zimebaki dakika chache. Yule aliye karibu na swichi azime taa. Turubai la dirisha la katikati lina tundu, dogo kuliko sarafu ya shilingi, limefunikwa kwa utepe mweusi wa gundi. Likibanduliwa hamtaona kitu mara moja. Msiwashe simu. Geukeni mtazame ukuta huu mweupe nyuma yangu, mkae kimya mpaka macho yazoee.

Bandua.

Subirini. Bado.

Haya. Pale juu karibu na dari, ile ni barabara. Huku chini ni anga. Na huyo anayepita kichwa chini, mwenye kikapu, naona amesimama kununua kitu.